Mwalimu Kei na Barua za Mama Jeong-ho

Zamani barua moja ililisha kijiji kizima kwa juma zima. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni na hakuna mwenye habari ya kumpa mwenzake.

Mzee Pyo Gil-man alilisema hilo kila alipopata wa kumsikiliza, na kule Neureumgol wasikilizaji walikuwa wamebaki wachache. Nyumba arobaini zilikuwa zimebaki kumi na tatu. Shule ya msingi, ambayo yeye mwenyewe aliibebea mawe mgongoni ilipojengwa, ilifungwa kwa kukosa watoto, ikawa ghala la vitunguu saumu. Vijana walikwenda Seoul na Incheon, wakarudi mara mbili kwa mwaka kwenye sikukuu, mikononi matunda ya dukani, macho kwenye simu.

Yeye aliacha shule darasa la tatu, baba yake alipovunjika mgongo. Kusoma kwingine kote alikusomea ukutani. Nyumba za wakati ule zilibandikwa magazeti kwa ndani kuzuia upepo, na Gil-man alilala usiku hadi usiku akitazama hotuba za mawaziri na bei za mchele. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo kurasa nyingine alizibandika kichwa chini, na mtoto akajifunza kuzisoma vilevile zilivyokaa. Alipofika umri wa kuoa alikuwa anazijua hata herufi za Kichina zilizowashinda makarani wa wilaya. Ndiyo maana wanaume wa kijiji walipokwenda Saudia kujenga barabara, miaka ya sabini, barua zao ziliishia barazani kwake.

Kusoma kulikuwa na utaratibu wake. Mke hakuja na barua peke yake. Alikuja nyuma ya mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyeishika. Mayai kumi yaliyofungwa kwa majani ya mpunga yaliwekwa pembeni, kama vile yamesahauliwa. Gil-man alisafisha koo, akasoma, na majirani wakalia pale penye kulia. Hakuna mume mwenye akili aliyeandika neno la chumbani kwenye barua itakayosomwa mbele ya mama yake. Waliandika habari za paa, za ndama, za kikohozi cha baba. Lakini kesho yake mke alirudi peke yake, eti kuazima ungo, akaitoa barua kifuani. "Nisomee tena." Mama wakwe wote walijua, nao wote walinyamaza, kwa sababu hata wao waliwahi kuwa wake.

Tak Pil-rye, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Jeong-ho, alikuwa na miaka ishirini na sita mumewe alipoondoka. Seo Jae-bong alikuwa mtu wa maneno machache mdomoni na machache zaidi kwenye karatasi. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari tisa. Mara ya kwanza Gil-man aliisoma kama ilivyo. Kesho yake Mama Jeong-ho aliporudi peke yake, akakaa ukingoni mwa baraza na mikono yake iliyopasuka kwa baridi, akauliza, "Hivi hakuna kingine kabisa?" Gil-man aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Kipo," akasema. "Jana nilikiruka kwa sababu ya mama mkwe wako." Akamsomea mwezi wa jangwani uliokuwa mkubwa kama sinia na wenye sura ya mkewe. Barua zilikuwa kumi na moja, na zote kumi na moja zilisomwa hivyo. Nia mbaya haikuwemo. Au kama ilikuwemo, ilikuwa ndogo kama chawa kwenye mshono. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaokota ukutani, na hakuwa na mtu wa kumpa.

Jae-bong alirudi, akaishi miaka kumi na moja na kifua kibovu, akafa. Miaka ikapita juu ya jambo lile kama theluji juu ya paa, na Mzee Pyo akadhani limezikwa.

Kisha halmashauri ya wilaya ikataka kila kijiji kiwe na darasa la bibi wasiojua kusoma. Mzee Pyo alinung'unika kwamba zamani mtu alijifunza bila halmashauri, lakini akakubali. Bibi watano walikuja Jumanne na Alhamisi alasiri kwenye ukumbi wa wazee, wakakaa sakafuni palipopashwa moto, kila mmoja na meza yake fupi. Humo darasani waliitwa kwa majina yao. Siku ya kwanza alipoita "Tak Pil-rye," Mama Jeong-ho hakuitika. Ilikuwa miaka hamsini na zaidi hajalisikia.

Juma la tatu mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke kijana mweusi, mrefu, akavua viatu na kuvipanga vizuri pua zikitazama nje, akainama. Jina lake lilikuwa Keitumetse. Alitoka Taung, Afrika Kusini, na alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya mjini, mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Jina zima lilimshinda kila mtu, ikabaki Mwalimu Kei.

"Babu, naomba kukaa na hawa bibi," alisema, polepole, kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni. "Mimi pia sijui kusoma."

"Wewe ni mwalimu," alisema Mzee Pyo.

"Wa Kiingereza. Kwa Kikorea mimi mjinga."

"Wageni wote wana simu inayowasemea."

Akaitoa simu, akaizima mbele yake, akairudisha mkobani.

Mzee Pyo hakuwahi kuwaamini walimu hawa wa Kiingereza. Walikuja mwaka mmoja, wakala nyama ya kuchoma, wakapiga picha kwenye mahekalu, wakaondoka wakijua kuomba bia na kusema asante. Kwa hiyo akampa adhabu iliyovaa nguo za kazi ya nyumbani: aandike safu nzima ya herufi mara mia, kwa penseli. Alhamisi alirudi na daftari lililojaa kotekote, la miraba kama ya watoto wa darasa la kwanza, na kidole chenye lengelenge.

Mzee alifunua kurasa. "Hii hapa imelala kama mlevi."

"Hiyo niliiandika kwenye basi, Babu."

"Mpe nafasi, Mwalimu," alisema Bibi Bok-dan, mwenye ulimi mkali kuliko wote. "Angalau darasani awepo mmoja mwenye meno yake yote."

Hivyo akakaa, kando ya Mama Jeong-ho, na hakuondoka kwa miaka mitatu.

Mzee Pyo alikuwa mgumu wa kusifu, lakini huyu alimshinda. Magoti yalimuuma kukaa sakafuni, na hakuomba kiti. Aliandika maneno kwenye kiganja na kifundo cha mkono, na mkono ulipojaa akaandika kwenye kitambaa cha kichwani mwake. Hakutaka maneno ya vitabuni peke yake. Aliuliza jina la mvua inayokuja wakati wa kupandikiza mpunga na jina la ile inayokuja baada ya mavuno, jina la kamba ya kubebea kuni mgongoni, jina la theluji isiyofunika ardhi. Mjukuu wa Mzee Pyo kule Seoul alilipiwa masomo ya Kiingereza tangu akiwa na miaka minne, na hakujua mundu unaitwaje kwa lugha ya mama yake. Huyu wa Taung alijua mundu, alijua mpini wake, alijua na kipete cha chuma kinachoushika mpini. Siku za Jumamosi alikuja kumenya vitunguu saumu na bibi hadi vidole vikawaka moto, na kule ndiko alikookota Kikorea chake, na matusi yakiwemo.

"Mkuu wa shule leo kacheka hadi kakohoa," aliwaambia siku moja. "Anasema nazungumza kama marehemu bibi yake."

"Mwambie na wewe ndiye bibi yake," alisema Bibi Bok-dan. "Akupe heshima."

Kei na Mama Jeong-ho walishindana kama mitamba miwili kwenye hori moja. Mmoja alikuwa na masikio na hakuwa na macho ya herufi; mwingine macho yalitangulia na masikio yakafuata. Kei akisoma neno asilolijua, bibi alimweleza maana. Bibi akikwama kwenye herufi, Kei alimwekea kidole. Ilikuwa ni siku kama hiyo, bibi wanakula viazi vitamu vya kuchoma, Kei alipouliza kila mmoja anataka kusoma nini.

"Mabango ya basi," alisema mmoja. "Dawa zangu," alisema mwingine.

"Barua za baba Jeong-ho," alisema Mama Jeong-ho. "Zipo kumi na moja kwenye kopo la biskuti. Nimesomewa tu. Kabla sijafa nataka niyaone yale maneno kwa macho yangu, yale ya mwezi. Nijue yamekaa wapi kwenye karatasi."

Mzee Pyo alikuwa na chaki mkononi. Hakuiandikia kitu.

Tangu siku ile darasa lilipunguza mwendo. Zile herufi zinazokaa chini ya nyingine, ambazo bila hizo hakuna sentensi ya mtu mzima inayosomeka, hakuzifikia. Alirudia mwanzo, akarudia tena, akasema msingi haujakauka. Bibi walifurahi, walidhani wanahurumiwa. Kei peke yake ndiye aliyemfuata nje.

"Babu, ukurasa huu tunao tangu mavuno."

"Haraka ya nini? Wamekaa miaka themanini bila."

"Ndiyo maana kuna haraka," alisema Kei.

Hakubishana zaidi. Lakini akaanza kufika mapema, na Mama Jeong-ho naye akaanza kufika mapema, na Mzee Pyo akajua wanachokifanya.

Mwezi wa kwanza, shule zikiwa likizo, alikuja ukumbini alasiri akakuta jozi tatu za viatu mlangoni. Alikuwa ameshavua kimoja aliposikia sauti ya Kei ndani, ikisoma. Akabaki amesimama kwenye baridi, mguu mmoja ndani ya soksi.

"Kwa mama yake Jeong-ho," Kei alisoma, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. "Mimi mzima. Hapa joto. Paa la upande wa zizi litiwe majani mapya kabla ya mvua. Ndama asiuzwe. Kikohozi cha baba kipelekwe kwa mganga wa mjini, siyo wa hapo. Jeong-ho asicheze mtoni."

"Ndiyo yenyewe," alisema Mama Jeong-ho. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Hiyo ndiyo ya kwanza. Sasa endelea hapo kwenye mwezi."

Mzee Pyo alisikia karatasi ikigeuzwa, halafu ikigeuzwa tena. Alijua nyuma yake hakuna kitu.

"Bibi," alisema Kei, "hapa siwezi."

"Huwezi vipi?"

"Mwandiko wa zamani. Kikorea changu hakijafika hapa. Nisamehe."

"Miaka mitatu unakula kimchi yetu," alisema Bibi Bok-dan, "na barua ya mjenga barabara inakushinda? Mkuu wa shule anakulipa kwa lipi?"

"Kweli, Bibi. Bado sijui kitu."

Mzee Pyo aliegemea ukuta. Juma lile lile msichana huyu alikuwa amemsomea ukurasa wa kwanza wa gazeti mzima mzima, herufi za Kichina zikiwemo, na alipomaliza uso wake uling'aa kama wa mtu aliyevuka mlima kwa miguu. Hakuwa na mali nyingine nchini hapa ila hiyo. Sasa ameitoa, ameiweka sakafuni ikanyagwe na Bok-dan, na hakutafuta hata neno la kujitetea.

Kei akatoka kupunga hewa, akamkuta.

"Umekuwapo muda gani, Babu?"

"Muda wa mguu kuganda."

Kei alikaa kwenye kizingiti, akamwekea kiatu karibu na mguu. "Ule mwezi ulikuwa wako?"

"Wangu."

Alitikisa kichwa polepole. "Babu yangu alikuwa migodini. Bibi yangu hajui kusoma. Barua za babu nilizisoma mimi. Siku moja aliandika kwamba kule ameoa mwingine. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nasifiwa kwa kusoma vizuri. Nikasoma yote, kwa sauti, hadi nukta. Leo nimesema sijui. Mara moja nimeweza. Mara ya pili siwezi, Babu. Na masika yakifika atasoma mwenyewe. Asije akaukuta ukweli peke yake."

Mzee Pyo aliwahi kubishana na machifu, na makarani, na mchungaji mmoja. Kwa huyu alivaa kiatu chake akaondoka.

Siku mbili alizunguka ua wake. Siku ya tatu alikwenda kwa Mama Jeong-ho asubuhi, akamkuta anachambua maharage ya soya kwenye meza fupi, mabovu kushoto, mazuri kulia.

"Ingia, Baba Yeon-ju," alimwita kwa jina la mtoto wake, "unaniingizia baridi."

Alikaa. "Mama Jeong-ho, yale ya mwezi hayamo."

"Hayamo wapi?"

"Kwenye barua. Hayakuwemo tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeyatia."

Mkono wake uliendelea. Bovu kushoto, zuri kulia.

"Yote?"

"Paa na ndama ni yake. Kikohozi ni chake."

"Na ule upepo unaonukia nywele zangu?"

"Wangu."

"Upepo wa Saudia," alisema. "Unanukia nywele za mwanamke aliye Neureumgol. Na mimi nikaamini." Aliuacha mkono juu ya maharage. "Aliporudi, unakumbuka alivyorudi. Hasemi, hacheki. Akinirushia bakuli, nilijiambia: huyu ndiye aliyeandika yale, yamo ndani yake, yamejificha tu, nikingoja yatatoka. Miaka kumi na moja nilingoja. Hebu niambie, Baba Yeon-ju, nilikuwa namvumilia nani?"

Mzee Pyo aliokota soya iliyoanguka sakafuni, hakujua aiweke kushoto au kulia.

"Nenda kwako," alisema Mama Jeong-ho.

Kwa majuma mawili hakuja darasani. Bibi walisema ni mafua. Mzee Pyo alifundisha akiwa na meza moja tupu mbele yake, na alizifundisha zile herufi za chini, zote, kwa haraka, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi dirishani. Kei alikwenda kwa Mama Jeong-ho kila siku na daftari lake la miraba. Hakusema walichozungumza, na Mzee Pyo hakumuuliza.

Kisha Alhamisi moja mlango ukafunguliwa, Mama Jeong-ho akaingia, akaenda moja kwa moja hadi mbele, akaweka karatasi safi juu ya meza ya mwalimu.

"Yaandike," alisema. "Kama ulivyoyasema. Usiongeze."

"Yepi?" aliuliza Bibi Bok-dan. "Nini hicho?"

"Kula kiazi chako."

Ilimchukua Mzee Pyo siku tatu. Alikuwa mtunzi wa maneno yale, na alikuwa ameyasahau zaidi ya nusu. Alimpelekea alichonacho, Mama Jeong-ho akakirudisha akisema, "Umeacha lile la mto ulioganda, barua ya nne," akalitaja lote, neno kwa neno, na Mzee Pyo akaliandika kwa imla ya mtu ambaye miaka mitatu nyuma hakujua kuandika jina lake. Yalipotimia Mama Jeong-ho akakaa nayo ukumbini, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Kei alikaa kando yake, mikono mapajani. Bibi alipokwama kwenye neno, mkono wa Kei uliinuka kidogo, kisha ukashuka wenyewe, ukamwacha. Akakwamuka. Ilichukua karibu saa nzima.

Alipomaliza alikunja karatasi mara nne.

"Maneno mazuri," alimwambia Mzee Pyo. "Mwezi umezidi. Lakini sasa najua yapi ni ya nani. Kwenye ya baba Jeong-ho pia kuna kitu. Ndama asiuzwe. Jeong-ho asicheze mtoni. Nilikuwa sijawahi kuyasikiliza, nilikuwa nangoja yako."

Aliendelea kumwita Baba Yeon-ju, na hakuacha kumletea tui la soya siku za baridi. Lakini hakumwomba tena amsomee kitu chochote, hata karatasi ya umeme.

Mkataba wa Kei ulikwisha mwisho wa mwezi wa pili. Shule ya mjini nayo ilikuwa inapungua watoto na haikutaka mwalimu mwingine. Jeong-ho alikuwa amemwandalia mama yake chumba Incheon tangu miaka miwili nyuma, na mama alikuwa akisema anangoja amalize masomo. Sasa hakuwa na kisingizio. Yeye na Kei wakaondoka siku moja, kwa basi moja la saa nne asubuhi.

Mzee Pyo aliwasindikiza hadi kituoni akibeba mfuko wa pilipili kavu ambao hakuna aliyeuomba. Kei alimwinamia hadi nywele zikakaribia kugusa barabara. Alimuaga kwa Kikorea cha milimani, cha bibi, ambacho Seoul watamcheka nacho na ambacho baada ya Bok-dan na wenzake kitabaki kwake na kwa wachache wengine. Mzee alikuwa ametayarisha sentensi ndefu. Ikatoka, "Haya, nendeni, dereva anangoja."

Basi lilisimama kidogo mbele ya duka la mbolea kupisha trekta. Aliwaona kupitia dirishani: Mama Jeong-ho ameweka kidole kwenye kioo, anasoma ubao wa duka, midomo inatembea, na Kei kando yake ametulia, anamsikiliza, hana cha kumsahihisha. Trekta likapita.